Alikuja Denver kusimamia saiti ya mdogo wake, hakurudi tena: uzi wa Frank Edbrooke

Mkadiriaji Mstaafu #1

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye maharage jikoni akapunguze moto kwanza.

Mimi si msanifu majengo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekula kwa kukadiria majenzi, yaani ndiye yule anayehesabu matofali kwenye ramani iliyochorwa na mwingine, halafu yakipungua analaumiwa yeye. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea binti yangu Aurora, pembeni mwa Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Kule Kiswahili unakisikia dukani na kanisani, ndugu zetu Wakongo wapo wengi. Binti akienda kazini, mimi napanda basi naingia mjini kutazama majengo. Siku ya tatu nikaingia hoteli inayoitwa Brown Palace, na niseme ukweli, nilikuwa natafuta choo. Nilikuja kutoka baada ya saa mbili, shingo imekakamaa kwa kutazama juu, na choo chenyewe nilishakisahau.

Aliyelisanifu jengo hilo ni Frank E. Edbrooke, aliyezaliwa Illinois mwaka 1840 na kufariki 1921. Nje ya Colorado wanaomjua ni wachache. Nimemsoma tangu nirudi, na kilichonivuta si uzuri wa michoro peke yake. Ni kwamba kila nikiangalia alivyopata kazi zake kubwa, naona jambo lilelile: yeye ndiye aliyekuwepo saiti. Wenye majina walichora wakaondoka, wengine walifukuzwa. Yeye alibaki.

Nashusha vipande vipande. Maswali ruksa, matusi peleka jukwaa la siasa.

Mpita Njia #2

Nimeshaweka kigoda. Shusha mzee.

Dokta Zege #3

Mkuu heshima yako, lakini kama ni wasanifu wa Marekani karne ya 19 si ungetuletea Sullivan wa Chicago? Huyu Edbrooke hata chuoni hatukumsikia.

Mkadiriaji Mstaafu #4

Dokta, Sullivan ana wasemaji wa kutosha, hanihitaji mimi. Tuanze na mji.

Denver ilizaliwa 1858 kwa uvumi wa dhahabu. Vibanda, mahema, nyumba za mbao zimebanana. Aprili 1863 moto ukaramba katikati ya mji, na baada ya hapo mji ukaweka sheria: katikati hapa hajengi mtu kwa mbao tena, ni tofali au jiwe. Ndiyo maana mpaka leo ukitembea Denver ya zamani unaona tofali nyekundu kila kona.

Pigo la pili lilikuwa reli. Reli kubwa ya kuvuka bara, Union Pacific, iliikwepa Denver ikapita Cheyenne, kaskazini. Wenyeji wakaona wakikaa kimya mji unakufa. Wakachangishana, wakajenga reli yao wenyewe ya maili 106 mpaka Cheyenne, na treni ikaingia Juni 1870. Sasa tazama sensa: 1870 watu 4,759. 1880 watu 35,629. 1890 watu 106,713. Miaka ishirini tu! Wale mliohamia pembezoni mwa Dar mkaona mashamba ya mihogo yanageuka vituo vya mafuta mtanielewa, ila hata sisi tulikwenda taratibu.

Watu wale walifuata nini? Fedha. Namaanisha madini ya fedha, ingawa hizo nyingine nazo zilifuata.

Hapa anaingia Horace Tabor. Kazi yake ya asili ni fundi wa kuchonga mawe kutoka Vermont. Akaja magharibi kutafuta dhahabu, akahangaika karibu miaka ishirini, akaishia kuwa mwenye duka huko Leadville milimani. Mwaka 1878 Wajerumani wawili wachimbaji, hawana kitu, wakamwomba chakula na vifaa. Akawapa bidhaa zisizofika dola 100 kwa makubaliano kwamba wakipata chochote, theluthi moja yake. Wakagonga mwamba wa fedha. Tabor akalala muuza duka akaamka milionea.

Tajiri wa ghafla hufanya nini? Anajenga.

Mwashi wa Tanga #5

Hahaha hapo kwenye "anajenga" umenena. Hajanunua shati lakini msingi wa ghorofa umeshachimbwa.

Mkadiriaji Mstaafu #6

Ndiyo hivyo, Mwashi. Tabor alitaka Denver iwe na jengo la ofisi ambalo mtu wa Chicago akiliona asicheke. Hakutafuta fundi wa pale pale. Kazi akampa Willoughby Edbrooke aliyekuwa na ofisi Chicago, mji uliokuwa ukijengwa upya baada ya moto wa 1871. Willoughby ni mdogo wake Frank kwa miaka mitatu hivi. Baba yao alikuwa mjenzi kutoka Uingereza, kwa hiyo watoto walikua wakikanyaga vumbi la saiti.

Hapo msome polepole. Mwaka 1879 anayefunga mzigo kwenda Denver kusimamia ni Frank, kaka mtu, umri unakaribia arobaini. Ameshapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, ameshafanya kazi za ujenzi. Jina kwenye ramani ni la mdogo wake. Kwetu hapo wazee wangeitisha kikao.

Jengo la kwanza ni Tabor Block, ghorofa tano, likamalizika 1880. Jiwe la usoni lilitoka Ohio kwa treni, limeshachongwa hukohuko machimboni. Mimi hapo ndipo nilipovua kofia. Fikiria msimamizi anapokea mabehewa ya mawe yaliyochongwa zaidi ya kilomita elfu moja mbali, kila jiwe lina mahali pake, likikosewa hata inchi mbili hakuna wa kumrudishia. Huwezi kusimamia kazi hiyo kwa barua. Lazima uwepo.

La pili ni Tabor Grand Opera House, likafunguliwa Septemba 1881. Ndugu hao walisanifu ukumbi wa kifahari kweli. Ipo hadithi, na naitoa kama hadithi maana inasimuliwa kwa namna nyingi, kwamba Tabor aliingia kukagua akakuta picha ya Shakespeare imepachikwa juu. Akauliza huyu nani. Akaambiwa ni mwandishi mkubwa wa tamthilia. Akasema: ameifanyia nini Denver? Shusheni, pandisheni yangu.

Pazia la jukwaa lilikuwa limechorwa magofu ya mji wa kale. Nitalirudia hilo pazia.

Majengo yakaisha. Willoughby kazi zake zikampeleka kwingine: jengo la Bunge la Georgia kule Atlanta alilisanifu yeye na mwenzake Burnham, na baadaye akawa msanifu mkuu wa majengo ya serikali ya shirikisho mjini Washington. Frank akabaki Denver. Akafungua ofisi yake.

Binti Kigoma #7

Baba samahani, swali la mtu asiyejua ujenzi. Kusimamia na kusanifu si vitu viwili? Mtu aliyetumwa kusimamia anageukaje kuwa msanifu, hakukuwa na leseni?

Mkadiriaji Mstaafu #8

Swali zuri mwanangu. Wakati ule hapakuwa na leseni. Sheria ya kwanza ya usajili wa wasanifu Marekani ilipitishwa Illinois mwaka 1897. Vyuo vya fani hiyo vilikuwa vya kuhesabu. Watu walijifunza kwa baba, kwa kukaa ofisini kwa mkubwa, au kwa kushika nyundo. Anayejiita msanifu ni msanifu, mpaka jengo lianguke.

Kwa hiyo tajiri alichagua kwa macho. Anatembea mtaa wa Larimer, analiona Tabor Block limenyooka, anauliza nani alisimamia, anaelekezwa ofisini kwa Frank. Hakuhitaji tangazo.

Dokta Zege #9

Sawa, lakini hapo ndipo ninapokataa, mkuu. Hiyo si sifa ya usanifu, ni bahati ya kuwa karibu na wenye pesa. Nimepitia picha za kazi zake baada ya uzi wako. Weka Brown Palace kando ya jengo la Auditorium la Chicago, la Adler na Sullivan, lililomalizika 1889. Chini mawe mazito na matao, juu matao marefu yanayobeba ghorofa kadhaa, juu kabisa madirisha madogo. Ni ndugu wa baba mmoja. Edbrooke alikopi.

Mkadiriaji Mstaafu #10

Sitabisha kuhusu uso wa jengo. Mtindo ule wa matao mazito ulikuwa umeenea nchi nzima, na Edbrooke hakuwa mtu wa kubuni lugha mpya. Lakini uso ni sehemu ndogo. Ngoja nikupeleke ndani, na kabla ya ndani, kwenye kiwanja, maana kile kiwanja ni balaa.

Mwenye hoteli, Henry Brown, naye alikuwa nani? Fundi seremala kutoka Ohio. Alifika Denver 1860, akashika eka 160 za kilima kikavu nje ya mji. Watu wakamcheka. Mji wa awali ulikuwa umepimwa kwa kufuata mto, kwa hiyo barabara zake zimekaa mshazari. Brown alipopima viwanja vyake alifuata kaskazini na kusini kamili. Mitaa ya mji wa zamani na mitaa ya Brown ikakutana kwenye barabara ya Broadway kama vitambaa viwili vilivyoshonwa vibaya, na kwenye mshono pakabaki vipande vya pembetatu. Kimojawapo Brown alikuwa akilishia ng'ombe wake.

Hicho cha ng'ombe ndicho alichompa Edbrooke ajenge hoteli.

Mliowahi kupewa kiwanja cha pembetatu mnajua. Pembe zote zinakuwa vyumba vya kuwekea mafagio. Katikati panakuwa giza. Edbrooke aliikubali pembetatu kama ilivyo: akazungusha pembe za nje zikawa mviringo, akapanga vyumba vyote kufuata kuta tatu, kila chumba cha mgeni kinatazama mtaa. Katikati ambapo pangekuwa giza akapaacha wazi kabisa, kutoka sakafu ya chini mpaka paa la vioo vya rangi, ghorofa nane juu. Mwanga unashuka kutoka juu, korido zote zinazunguka uwazi huo kama vibaraza. Vyumba 400 vya wakati ule, hakuna kilichokosa dirisha. Hilo la wazi katikati ndilo lililonivunja shingo.

Sasa Dokta, hebu nieleze: hilo kalikopi wapi?

Dokta Zege #11

Uwazi wa katikati wenye paa la vioo ulikuwepo kwingine Marekani kabla yake. Ila kwa pembetatu nakupa. Nusu pointi.

Mwashi wa Tanga #12

Mzee tueleze mawe. Mimi bila mawe sili.

Mkadiriaji Mstaafu #13

Mwashi, nje ni itale nyekundu ya Colorado kwa msingi na jiwe la mchanga jekundu la Arizona kwa juu. Kati ya madirisha ya ghorofa ya saba kuna miduara 26 ya mawe yaliyochongwa wanyama wa Colorado, kazi ya mchongaji James Whitehouse. Ukiwa barabarani unahitaji darubini. Hiyo nayo inanifurahisha: mtu kachonga mnyama mahali ambapo hata mbayuwayu hajali. Ndani, ukumbi wa chini umevaa oniksi kutoka Mexico, jiwe la rangi ya asali lenye mishipa kama nyama ya nundu.

Lakini habari kubwa iko ndani ya sakafu. Baada ya moto wa Chicago watu walishajifunza kwamba chuma hakiungui lakini kinalegea. Nguzo ya chuma ikipata moto inapinda, inaangusha kila kitu juu yake. Dawa ni kukivika chuma nguo. Walitengeneza matofali ya udongo wa kuchoma yenye matundu, na kwenye udongo walichanganya unga wa mbao. Tanurini unga unaungua, unaacha vijitundu, tofali linakuwa jepesi na halipitishi joto. Matofali hayo yakazungushwa kwenye vyuma na kupangwa kama matao mafupi kati ya boriti kubeba sakafu. Brown Palace imejengwa hivyo, na jarida la Scientific American mwaka 1892 liliichapisha kama mfano wa jengo lisiloshika moto. Kwa mji ulioungua 1863 hiyo haikuwa mapambo.

Chini kuna kisima kilichochimbwa futi 720, takriban mita 220. Hoteli ilifunguliwa Agosti 1892. Gharama zinazotajwa ni dola milioni 1.6 kwa ujenzi na 400,000 kwa samani. Kama mkadiriaji niliposoma hesabu ya samani nilikaa chini.

OtienoWaBuruburu #14

Mzee wetu, salamu kutoka Nairobi. Kazi safi. Hapo kwa kuambiwa Denver ni mji wa juu sana, wanajiita mji wa maili moja, yaani mita 1,609. Sisi Nairobi tuko karibu mita 1,800 na hatujawahi kujigamba. Tunaenda kazi tu.

Mkadiriaji Mstaafu #15

Otieno umenichokoza pazuri. Kwenye ngazi za jengo la Bunge la Colorado pameandikwa kwamba hapo ndipo maili moja juu ya bahari. Mwaka 1909 waliweka alama kwenye ngazi ya 15. Mwaka 1969 wanafunzi wa chuo wakapima upya, wakasema ni ngazi ya 18, ikawekwa alama nyingine. Mwaka 2003 wakapima tena kwa vyombo vipya, ikashuka mpaka ya 13. Alama tatu zote zipo. Nimesimama kwenye kila moja, kifua kilikuwa kinabana vilevile.

Na jengo hilohilo la Bunge ndilo kisa changu cha pili.

Ardhi yake, eka 10, ilitolewa bure na yuleyule Brown mwaka 1868, ili viwanja vyake vya kilimani vipande bei. Ujanja mtupu. Miaka kumi ikapita hakuna hata tofali. Brown akakasirika akaidai ardhi yake. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa 1886. Kwa hiyo jengo likaanza mwaka huohuo.

Msanifu aliyeshinda ni Elijah Myers. Huyu ndiye aliyesanifu mabunge ya majimbo matatu: Michigan, Texas na Colorado. Jina kubwa kuliko la Edbrooke mara kumi. Texas walimwondoa kazini kabla jengo halijaisha. Colorado wakamwondoa 1889, wakaona ramani tayari tunayo, mshahara wa nini. Msimamizi wa ujenzi, Peter Gumry, akaendelea na kazi, lakini Agosti 1895 boila ililipuka katika hoteli yake mwenyewe hapo Denver, akafa pamoja na wengine zaidi ya ishirini.

Nani akaitwa kumalizia? Mnamjua.

Binti Kigoma #16

Jamani, Edbrooke tena! Huyu mzee alikuwa anasubiri wenzake waondoke nini.

Mkadiriaji Mstaafu #17

Ndiyo inavyoonekana kwa mbali. Kwa karibu ni kazi isiyo na shukrani. Unamalizia ramani ya mtu mwingine, kosa likionekana ni lako, sifa ikija ni yake. Naijua kazi hiyo. Mwaka fulani nilikuwa kwenye mradi mmoja wa jengo la ghorofa nne, sitautaja. Aliyechora alilipwa fungu lake la mwisho, simu ikawa haipokelewi. Ngazi kwenye ramani ilikuwa inafikia kwenye boriti, yaani mtu mrefu akipanda anagonga paji la uso. Fundi mkuu wa pale, darasa la saba, alichora ngazi upya kwa mkaa kwenye ukuta, tukaipima, ikakaa. Kwenye kibao cha uzinduzi jina lake halimo. Nikipita pale naangalia ngazi, kibao sikitazami.

Turudi. Ndani ya Bunge la Colorado kuta zimepambwa jiwe la waridi linalotoka Beulah, Colorado. Liliisha lote. Hakuna jingine la aina hiyo lililojulikana duniani, kwa hiyo kipande kikivunjika leo hakina mbadala. Kuba la juu kwanza lilivikwa shaba. Wananchi wakanung'unika: sisi jimbo la dhahabu tunavaa shaba? Mwaka 1908 likapakwa dhahabu halisi, wakia 200.

Dokta Zege #18

Hapo kwenye ngazi ya mkaa umenigusa, nami yamenikuta. Lakini bado nina hoja. Wewe unatuambia alikuwa mtu wa kubaki. Mimi nasema alikuwa mtu wa wateja wazuri. Fedha ilipoporomoka 1893 alifanya nini? Msanifu anapimwa wakati hakuna kazi.

Mkadiriaji Mstaafu #19

Haki yako kuuliza. Kwa wasiojua: serikali ya Marekani ilikuwa na sheria ya kununua fedha nyingi kila mwezi, na hiyo ndiyo ilikuwa inashikilia bei. Mwaka 1893 mambo yakaharibika. Julai, kwa siku tatu, benki 12 za Denver zikafunga milango. Novemba sheria yenyewe ikafutwa. Leadville na wenzake wakabaki na mashimo.

Tabor alifilisika, akapoteza kila kitu pamoja na ukumbi wake. Mwisho wa maisha wakamhurumia wakampa kazi ya kuwa mkuu wa posta ya Denver, akafa 1899. Brown naye akazama kwenye madeni. Mkopo wa hoteli ukashikwa na Winfield Stratton, tajiri wa dhahabu ya Cripple Creek. Na Stratton, shikeni viti, alikuwa fundi seremala! Mwisho hoteli ikaishia kwenye mirathi yake.

Kwa hiyo hesabuni: mchonga mawe, seremala, seremala, na mtoto wa mjenzi. Mji ule ulikuwa wa mafundi waliobahatika, na mmoja ambaye hakuchimba chochote ndiye aliyeendelea na kazi. Wateja wake wawili wakubwa walifilisika, yeye baada ya hapo anaitwa kumalizia Bunge, na duka kubwa la Denver Dry Goods mtaa wa 16, kazi yake nyingine, lipo mpaka leo. Ndiyo maana sikubali kwamba ni suala la wateja tu, Dokta. Wateja walikwisha.

Dokta Zege #20

Hilo la Bunge kuja baada ya 1893 sikuliwaza. Nusu pointi nyingine, sasa una moja kamili. Ila duka ni boksi tu lenye madirisha, usinipeleke mbali.

Mkadiriaji Mstaafu #21

Boksi lenye madirisha mengi, na mwenye duka ndicho alichotaka, nguo zionekane. Halikuwa hekalu.

Mwashi wa Tanga #22

Na ule ukumbi wa Tabor bado upo? Ulisema utarudi kwenye pazia.

Mkadiriaji Mstaafu #23

Ulibomolewa 1964. Tabor Block, lile la mawe yaliyokuja kwa treni, likabomolewa 1972, wakati Denver ilipokuwa inasafisha mitaa mizima ya katikati kwa mpango wa kujenga mji upya. Mengine ya Edbrooke yakaenda humohumo. Jengo lake la Wamasoni (Freemason) la mwaka 1889 limebaki kwa nje, ndani liliungua miaka ya 1980 wakaweka fremu mpya ya chuma. Kanisa la Central Presbyterian la jiwe jekundu lipo.

Lile pazia la magofu liliteremshwa mbele ya watu usiku wa ufunguzi, ukumbi unanuka rangi mbichi, na juu yake wamepachika magofu. Mtu aliyelichagua sijui alikuwa anawaza nini, au alikuwa anawaza sana.

Binti Kigoma #24

Baba, mimi naishi Aurora huku huku, miaka sita sasa, na sijawahi kuingia hiyo hoteli. Nilidhani ukiingia unalipishwa. Jumamosi naenda na watoto. Niwaonyeshe nini?

Mkadiriaji Mstaafu #25

Hulipi kitu kuingia ukumbini, mwanangu. Vaa tu viatu vya heshima, mimi nilikuwa na ndala za binti yangu nikatazamwa.

Waambie watoto wasimame katikati watazame juu. Vibaraza vimezungushiwa vyuma vya nakshi, zaidi ya vipande 700, vyote vya umbo moja. Hotelini wanasimulia kwamba viwili vimepachikwa kichwa chini. Kimoja eti kwa makusudi, kwa kuwa kazi ya mwanadamu isiwe kamilifu. Kingine fundi aliyekuwa na hasira zake alikichomeka kimyakimya. Mimi ile ya kwanza siiamini, kila fundi aliyewahi kukosea anajua jinsi sababu nzuri inavyopatikana baadaye. Ya pili naiamini bila ushahidi.

Nilivitafuta nusu saa. Nilikuwa nahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea, nikifika arobaini nachanganya naanza upya. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa anafuta meza akanihurumia, akaweka kitambaa chini, akaninyooshea kidole: pale, mzee, baada ya nguzo. Ukishaonyeshwa unashangaa ulikosaje kukiona, ua la juu linatazama chini kama popo.

OtienoWaBuruburu #26

Picha mzee! Bila picha hii ni stori ya kijiweni.

Mkadiriaji Mstaafu #27

Nilipiga mbili, moja ya chuma kilichogeuka na moja ya jirani yake, ili mlinganishe. Tatizo ni kwamba simu inazungusha picha yenyewe kila nikiifungua. Nimeigeuza mara tatu tangu asubuhi, na sasa hata mimi sijui ipi ndiyo iliyopinduka. Naziweka zote, wenye macho watatusaidia.